Kahindo Wawili

Masika,

Kuna sauti ya beseni linalozunguka juu ya sementi. Ni beseni la bati, la bluu, pana, la kubebea vitenge kichwani. Likianguka halilali mara moja. Linasimama kwa ukingo, linajizungusha, kwanza polepole, kisha kwa haraka kadiri linavyokaribia chini, na kilio chake kinapanda, kinapanda, halafu kinakatika. Siku ile hakuna aliyeinama kulishika. Tulikuwa watu saba au wanane ndani ya depo, na sote tulilisikiliza mpaka mwisho.

Umekwenda kwa jirani kunyolewa, maana masista wa Beni hawataki nywele ndefu bwenini, na nimekuambia sitakuja kuangalia. Kwa hiyo nina saa moja, labda mbili. Ndoo, sabuni, kufuli ya sanduku, mashuka, hayo yote umeyapanga mwenyewe vizuri kuliko ningeyapanga mimi. Sitayaandika hapa.

Wiki hii umeniuliza mara tatu kwa nini hatuendi Beni pamoja. Mara ya kwanza nilijibu kwamba depo mpya ya Beni imechelewa kufunguliwa. Mara ya pili, kwamba nyumba haijapatikana. Mara ya tatu nikamsingizia bibi yako, kwamba hataki kubaki Butembo peke yake. Yote matatu ni uongo. Depo iko tayari, nyumba ilipatikana, na bibi yako alikwisha kufunga vyungu vyake. Beni nilipewa. Nataka nikueleze nilipewa kwa nini, na kwa nini kesho unapanda gari peke yako. Ukisikia kwa wengine watanipendelea au watanitukana, na kwa namna zote mbili utanikosa mimi mwenyewe.

Unaijua depo yetu ya vitenge. Umekulia kati ya marobota yale, ukilala juu ya vitenge visivyofunguliwa wakati mimi nasoma masomo ya jioni. Nilikuzaa nikiwa na miaka kumi na minane, nikapata diploma bibi yako akikubeba mgongoni nje ya ukuta wa shule. Nadhani tangu siku ile nimeishi kama mtu anayedaiwa uthibitisho. Kila mahali nilipoingia nilitaka waone kwamba nimesoma. Hilo ndilo jambo la kwanza, na mengine yote yametoka humo.

Mama Kanyere unamjua pia, yule aliyekupa pipi za tangawizi. Alikuwa na patron wetu, mwenye depo, tangu duka lilipokuwa meza moja sokoni. Yeye ndiye aliyeshika wateja. Hakuwashika kwa kompyuta. Alikuwa na kaye, daftari nene lililofungwa kwa ukanda wa mpira, lililoandikwa kwa herufi kubwa kama za mtoto. Kila mteja alikuwa na mstari wake. Nakumbuka mingi. *Kahindo beseni ya bluu. Kahindo wa Beni, sauti ya mwanaume. Kambale jino la dhahabu. Kambale anayeomba Mungu kabla ya kununua.* Na mmoja uliokuwa unanichekesha kila mara: *Kambale, hapana yule.*

Wewe huhitaji kuelezwa kwa nini aliandika hivyo. Kwetu jina linamngoja mtoto kabla hajazaliwa. Binti wa kwanza ni Masika, kama wewe. Mvulana wa pili ni Kambale, wa tatu ni Kasereka, na msichana anayekuja baada ya mfululizo wa wavulana ni Kahindo. Kila nyumba ina Kambale wake. Ukisimama mlangoni mwa depo siku ya soko ukaita Kambale, nusu ya wanaume watageuka, na nusu nyingine hawatageuka kwa sababu tu wamezoea kutogeuka. Mtoto mdogo wa hapa analijua hili. Mimi niliyesoma ndiye niliyelisahau, na nililisahau kwa makusudi.

Mwaka jana patron aliniita ofisini. "Kavugho," akasema, "weye njo ulisoma mambo ya ordinateur, kompyuta hizi. Benzetu bote sasa biko na logiciel, programu ya kushika ba-clients. Sisi tuko na kaye ya Mama Kanyere. Siku Mama atakufa, tutafungua duka na nini? Tafuta moja ya muzuri. Weye ndiye utachagua."

Weye ndiye utachagua. Nilitoka pale miguu haigusi chini.

Wa kwanza kuja walikuwa vijana wawili wa hapahapa Butembo, waliotengeneza programu yao wenyewe. Walifika na tope kwenye viatu. Programu yao ilikuwa ya kijivu, mbaya kuangalia, maandishi madogo. Hawakuanza kwa kuifungua. Walikaa juu ya robota, mmoja akamgeukia Mama Kanyere, akamwuliza, "Mama, ba Kambale mbili bakikuja siku moja, unajua je ni nani na nani?"

Mama Kanyere aling'aa uso kama mtu aliyengoja swali hilo miaka yote. Akaanza. Alieleza kwa sauti, kwa mwendo, kwa jina la mke, kwa kijiji, kwa namna mtu anavyoshika kitambaa kati ya vidole. Kijana akaandika, akaandika. Mimi nilikuwa naangalia saa. Nikuambie niliona nini? Niliona aibu. Swali lile lilinuka moshi wa jikoni. Nilitaka programu itakayotutoa huko, na hawa walikuja kuturudisha.

Kisha akaja Trésor kuuza programu ya kampuni yake. Alitoka Kinshasa kwa ndege mpaka uwanja wa Mavivi, akapanda gari mpaka huku, na bado shati lake lilikuwa na mikunjo ya pasi. Manukato yake yalibaki kwenye vitenge siku mbili, wateja wakauliza tumemwaga nini. Alitundika ukutani shuka jeupe kutoka kwenye bidhaa zetu wenyewe, akalimulikia picha: duara za rangi, ngazi zinazopanda, wateja wamepewa nyota kama hoteli. Na kila alipotaka kusema nami alisema, "Madame la Directrice," Bi Mkurugenzi. Nilikuwa karani. Alijua kwamba ni karani. Nami nikaacha jina hilo liingie, nikalimeza kama sukari, na leo nikilikumbuka nasikia kinyaa hapa kooni, hapa hasa, kama unywele.

Hakuuliza hata jina moja la mteja.

Nilimwandikia patron ripoti ya kurasa sita. Wale vijana wawili niliwapa alama mbaya kwa sababu ya usafi wa uwasilishaji. Niliandika hivyo, *usafi*. Nilimaanisha tope.

Tulichukua programu ya Trésor. Wiki tatu nilikaa na Mama Kanyere, yeye akisoma kaye, mimi nikiingiza. Kwenye skrini jina lina sanduku lake, simu ina sanduku lake, mji, mume au mke. Tulipofika kwa Kahindo wa pili Mama akasoma, "Sauti ya mwanaume," nami nikaanza kuandika katika sanduku la chini lililoitwa *Observations*, la maelezo mengine. Trésor alikuwa nyuma yangu. Alicheka. Kicheko kidogo tu, cha puani.

"Madame la Directrice, hiyo haiko donnée, haiko data. Hiyo ni masimulizi ya bibi."

Nikafuta. Tangu mstari ule sanduku la chini nililiacha wazi kwa kila mtu. Mama Kanyere aliendelea kusoma, jino la dhahabu, mama ya mapacha, anayechechemea, nami nikiitikia "ndiyo, ndiyo" huku mikono yangu haiandiki. Aliona. Aliendelea kusoma hata hivyo, polepole zaidi, kama mtu anayemlisha mtoto asiyefungua mdomo.

Tulipomaliza, skrini ikaonyesha dirisha jekundu. Ilisema kuna watu walioingizwa mara mbili, mamia yao. Kambale, Kambale, Kambale, Kasereka, Kahindo. Chini yake kulikuwa na kitufe: *Fusionner tout.* Kuunganisha wote.

"Ni usafi wa data," akasema Trésor. "Unafinya tu."

Mama Kanyere hajui Kifaransa, lakini aliona majina yamepangwa hivyo akaelewa. Akaweka mkono wake juu ya mkono wangu. "Mwanangu, usiunge batu. Hawa ba Kahindo hapana mutu moja."

Nikamwambia, "Mama, mashini inajua."

Nikafinya. Ilichukua muda mfupi kuliko kupenga kamasi. Mamia ya watu wakawa makumi, na orodha ikawa fupi, safi, inapendeza macho. Trésor akapiga makofi. Nami nikatabasamu, Masika. Nilimgeukia bibi yule mwenye umri wa kunizaa na nikatabasamu.

Kuna jambo moja zaidi lazima uliweke mahali pake kabla sijafika kwenye beseni. Programu ilikuwa na sehemu iliyoitwa *Moments de vie*. Ukiandika kwamba mteja amezaa, au ameoa, au amefiwa, programu inamtumia ujumbe yenyewe. Trésor alitufundisha hiyo kwa muda mrefu kuliko zote. "Msiba ni moment fort, wakati wa nguvu," alisema. "Client hatasahau nani alikuwa naye. Na matanga inaomba vitenge, hapana? Famille muzima inavaa kitambaa moja. Donc, pole na offre bikwende pamoja." Alisema hivyo akichokonoa meno.

Nilijua kwamba ni vibaya. Nakumbuka kwamba nilijua, ndiyo maana sina pa kujifichia. Patron aliniomba niandike maneno ya ujumbe wenyewe, kwa kuwa Kiswahili changu ni kizuri. Nikaandika. Nilipima kati ya "tunashiriki uchungu wako" na "tuko pamoja nawe". Nilichagua la kwanza kwa sababu lilikuwa na mwendo mzuri mdomoni. Kisha nikabandika sentensi ya vitenge nyuma yake, na nikapata namna ya kuibandika isionekane imebandikwa. Nilijivunia ufundi huo.

Sasa beseni.

Kahindo wa beseni la bluu alikuja asubuhi kama kawaida. Anauza rejareja sokoni. Mume wake, Kambale, yuko Manguredjipa kwenye machimbo ya dhahabu, hurudi mara moja kwa miezi miwili au mitatu. Siku hiyo Mama Kanyere alikuwa ameniambia mapema, akipita na chai yake: "Kahindo wa Beni amefiwa na bwana, ule Kambale wa ugonjwa wa figo. Andika mu mashini yako." Nikafungua jina Kahindo, mume Kambale. Kulikuwa na mmoja tu, mwenye namba moja ya simu. Mimi ndiye niliyewafanya kuwa mmoja. Nikaandika *msiba*, nikaendelea na kazi.

Kahindo alikuwa anachagua kitambaa cha njano, anatania na wanawake wengine. Simu yake ikalia. Akanikabidhi.

"Dada Kavugho, nisomee, miwani nilibakisha ku nyumba. Kama ni batoto biko naomba kitu tena, ujifanye hujui kusoma."

Wakacheka. Nami nikasoma kwa sauti, kwa ile sauti ninayosomea somo la kwanza kanisani, iliyo wazi, yenye vituo vyake. "Mama Kahindo, tumepokea kwa huzuni habari ya kifo cha mume wako Kambale. Tunashiriki uchungu wako." Niliitambua sentensi kabla sijatambua maana yake. Nilijua tu kwamba ni yangu. Na kwa nusu ya pumzi, mwanangu, nilifurahi jinsi ilivyosikika vizuri.

Ndipo beseni likaanguka.

Hakupiga kelele. Alitoka. Kwa sababu ya barabara ile ya Manguredjipa, na mauaji tunayoyasikia kila juma kutoka misitu ile, habari ya kifo haiombi ushahidi kwa mtu yeyote hapa. Tunaingoja sote. Alipanda pikipiki ya kwanza iliyosimama, beseni lake likabaki chini.

Mama Kanyere alitoka stoo akiwa anakimbia, mikono yake juu. "Ni ule wa Beni! Nilisema wa Beni!" Akanishika mkono. "Twende. Mi peke yangu hawataniamini. Weye njo umesoma, weye njo umemusomea. Weye watakuamini."

Patron alikuwa mlangoni akiongea na Trésor kwenye simu. "Asitoke mutu wa bureau," patron akasema. "Kwanza tuverifier, tuhakikishe. Tukiongea mbele ya kuverifier, tunaharibu jina ya maison, ya duka yetu."

Mama Kanyere alikuwa bado ameushika mkono wangu. Niliutoa polepole. Nikarudi kukaa kwenye kiti changu mbele ya kompyuta, nikaanza kuverifier.

Alikwenda peke yake, na ilitokea kama alivyosema. Hawakumwamini. Shemeji mmoja wa Kahindo alimwambia mbele ya watu wote, "Mama, kompyuta ya maison imeandika. Weye uko muzee, unasahau. Mashini haisahau." Karibu maneno yangu yaleyale, yamenitangulia kufika pale. Simu za Manguredjipa zilikuwa hazishiki. Wakawasha moto uani, wakaleta viti, wakaanza matanga.

Siku ya pili, mchana, Kambale aliingia kwenye ua wake mwenyewe, tope mpaka kiunoni. Kuna mtu aliyempelekea habari machimboni kwamba nyumbani wanamlia, akapanda pikipiki bila kula. Wanawake walikimbia. Bibi mmoja alimrushia majivu. Yeye akasimama katikati ya viti, akaangalia sufuria, akasema, "Munanililia na maharagi? Hata kuku?" Watu walicheka mpaka wakalia upya. Butembo nzima ilikuwa inasimulia sehemu hiyo, na mpaka leo watu wanaisimulia, kwa kuwa inachekesha na inaishia vizuri.

Haiishii pale. Kahindo mwenyewe aliniambia iliyobaki, baadaye, nitakuambia lini. Katika ile siku moja na nusu ya ujane wake, mashemeji walikwisha kumuomba karatasi za kiwanja. Mama mkwe, aliyemwita binti kwa miaka kumi na mmoja, alifungua kabati kuangalia kilicho cha mtoto wake. Mdogo wa Kambale alikaa kwenye kiti cha Kambale. Alipotokea hai, karatasi zilikuwa ndani ya mfuko wa koti la ndugu yake, na zikarudishwa kabatini kimyakimya, na wote wakala maharagi pamoja. "Sasa nawapikia kila jumapili," Kahindo akaniambia. "Nawatilia mukono maji. Najua kila mumoja atasimama wapi siku ile." Nyumba yake ni ileile, mume ni yuleyule. Lakini mimi nilimfungulia mlango ambao mwanamke anapaswa kuufikia mara moja tu, au asiufikie.

Juma lililofuata kulikuwa na mkutano. Trésor alitaka twende kwa Kahindo na zawadi, tupige picha. Patron akakataa picha. Nampa haki hiyo. Kisha Trésor akafungua kompyuta yake akasema programu haina kosa. Imefanya ilichoambiwa. Kosa ni la kuingiza habari, na habari zimetoka kwenye kaye. Akasema hivyo kwa Kifaransa, Mama Kanyere akiwa amekaa palepale, anatikisa kichwa kwa adabu kwa sababu alisikia jina lake.

Patron hakuniangalia. "Kavugho, utatuandikia rapport. Kwa Kifaransa, muzuri, ya kutuma Kinshasa. Ku depo ya Beni tunaomba chef, mukubwa mwenye kujua ile logiciel. Nilishafikiri weye. Na mutoto wako anapenda kusomea uuguzi kwa masista wa kule, hapana?"

Aliyaweka karibu hivyo, sentensi mbili, moja nyuma ya nyingine, kama nilivyobandika vitenge nyuma ya pole. Fundi humtambua fundi.

Niliandika. *Les informations fournies par Madame Kanyere se sont avérées erronées.* Habari zilizotolewa na Mama Kanyere zimeonekana kuwa na makosa. Ni Kifaransa kizuri, hakina hata nukta iliyopotea. Nikaweka saini. Mwezi huo wakamshukuru Mama Kanyere kwa kazi ya miaka yote, wakampa robota la vitenge, akaenda nyumbani na kaye yake chini ya kwapa. Aliponiaga alisema, "Wasingya, mwanangu, ulinivumilia." Aliniambia asante. Alikuwa hajui kilichoandikwa.

Siku ile nilikuletea habari ya Beni, ukaruka, ukambeba bibi yako ukamzungusha. Ulifanya mtihani wa masista ukapita. Nilikuwa nakuangalia ukisoma jina lako kwenye orodha na nilikuwa na kichefuchefu, ukaniuliza kama nimekula kitu kibaya.

Nilikaa hivyo karibu miezi miwili. Sitaki udhani nilikuwa napigana na dhamiri. Nilikuwa nachagua mapazia ya nyumba ya Beni.

Kisha ikaja fomu yako ya bweni. Unakumbuka? Jumapili, baada ya misa, wewe mezani na kalamu. Jina, jina la pili, dini, kundi la damu. Ukafika chini ukauliza, "Mama, hapa ku *Observations*, niandike nini?"

Nikajibu nikiwa nasuka mkeka, bila kuinua kichwa: "Achia wazi."

Uliacha wazi, ukageuza ukurasa. Mimi nilibaki na sauti yangu masikioni. Wasichana wangapi bwenini wataitwa Masika? Kila binti wa kwanza wa nchi hii. Siku mmoja atakapougua homa, au mmoja akafiwa, mtu atasimama mlangoni na karatasi ataita Masika, na mtageuka saba. Nami nimekufundisha uache wazi mahali ambapo ungetofautishwa. Niliinuka nikaenda nyuma ya nyumba. Uliniuliza tena kama nimekula kitu kibaya.

Jumatatu asubuhi nilikwenda kwanza kwa Kahindo na beseni lake. Lilikuwa stoo muda wote ule. Nilimwambia kwamba ujumbe ule niliuandika mimi, kitufe nilifinya mimi, na nilibaki kwenye kiti mimi. Ndipo akaniambia habari ya karatasi za kiwanja. Hakunisamehe, na sikumuomba. Alichukua beseni, akaligeuza akaangalia ukingo uliobonyea, akasema, "Ni sauti yako njo nasikia nikitwanga, dada. Unasomaka muzuri sana." Sijui kama nitasoma tena kanisani.

Kutoka pale nilimchukua Mama Kanyere kwa pikipiki mpaka depo. Nilimwomba aje na kaye. Ilikuwa saa ya wateja, depo imejaa, patron yuko kaunta. Nilitoa nakala ya rapport nikaisoma kwa Kiswahili, sentensi kwa sentensi, pamoja na saini yangu. Nilipofika kwenye jina lake Mama Kanyere aliacha kutikisa kichwa.

"Soma tena pale," akasema.

Nikasoma tena.

Mama akafungua kaye, akatafuta kwa kidole kilicholowa mate, akanyoosha ukurasa mbele ya watu. "*Kahindo wa Beni*," akasoma. "*Sauti ya mwanaume.* Njo iko hapa. Iko hapa tangu zamani." Mteja mmoja nyuma akasema, "Ni kweli, ule mama akikusalimia unatoa kofia," na watu wakacheka. Mama Kanyere hakucheka. "Nilikuambia usiunge batu," akasema, akafunga kaye, akatoka. Hakunipa mkono.

Patron alinivuta pembeni. "Kavugho, unajua sasa Beni inakwisha?"

"Najua, patron."

"Na mutoto?"

"Mutoto atakwenda. Alipita mtihani kwa akili yake."

Niliacha funguo za Beni juu ya kaunta. Barua ya kufuta saini yangu niliituma siku hiyohiyo Kinshasa na nakala kwa Kahindo. Kazi ya hapa bado sijui kama ninayo. Tangu Jumatatu hakuna aliyenifukuza wala aliyenisalimia. Mama Kanyere amerudishwa kwenye kiti chake Jumatano, patron alimfuata mwenyewe nyumbani kwake. Mama ananipita na chai yake. Hanipi.

Nasikia sauti yako njiani, unacheka na jirani, basi nywele zimekwisha. Nimalize.

Fomu yako sikuiacha kama ulivyoiacha. Jana niliichukua kwenye sanduku lako bila ruhusa, nikajaza ile nafasi ya chini, mpaka pembeni, mpaka nyuma ya karatasi. *Masika wa Kavugho. Anaandika kwa mkono wa kushoto. Ana kovu la pasi chini ya kiwiko. Akiogopa anaimba, akinyamaza sana msidhani ametulia. Akiitwa na wengine wakageuka, yeye ni yule atakayegeuka mwisho.* Nimeiweka ndani ya bahasha nikaifunga, na leo mchana dereva wa masista ameipitia. Imekwisha kukutangulia Beni.

Mama yako,
Kavugho